Nani Anamngoja Nani? Biti na Waimbaji wa Jumapili Kule Karen

Kazi yangu ya kwanza baada ya kuacha chuo ilikuwa kubonyeza kitufe. Sikutanii. Cuzo yangu anaimba kila Jumapili mchana kwenye mkahawa mmoja wa Karen, ule wa bustani, viti vya mbao, watoto wanakimbizana kwenye nyasi huku wazazi wakisubiri nyama. Alikuwa ananilipa elfu moja nikae nyuma ya spika na laptopu, nianzishe biti akinitikisia kichwa, niizime akimaliza. Nauli juu yangu. Nilikuwa nimeacha digrii mwaka wa tatu, mathee hataki hata kusikia jina langu, na elfu moja ni elfu moja.

Nilikalia kile kiti miezi saba. Kwa hivyo naandika hapa kama shahidi kwanza, mhakiki baadaye. Na ninachotaka kuhakiki si sauti ya cuzo, ambayo ni nzuri, hata wasiompenda wanakubali. Ni kile kitu kinachocheza nyuma yake. Nairobi tunakiita biti au treki. Watanzania husema pleibeki, na mara nyingi wakisema hivyo wanatukana. Hakuna anayekiandikia uhakiki. Tunaandika kuhusu albamu, video, nani amemtusi nani. Lakini fikiria mara ya mwisho ulisikia mtu akiimba mbele yako, si kwenye simu. Harusi? Baa? Mkahawa? Nabashiri alikuwa mtu mmoja, maiki moja, na faili.

Tuanze na hesabu, kwa sababu mazungumzo ya sanaa Nairobi yasiyoanza na hesabu ni ya watu waliolipiwa nyumba. Mkahawa ulikuwa unatoa elfu nane kwa saa tatu, pamoja na sahani ya chakula. Zamani cuzo alikuwa na bendi ya watu wanne. Elfu nane ukigawa kwa wanne ni elfu mbili. Mpiga ngoma alikuwa anatoka Kayole, na seti ya ngoma haipandi matatu. Lazima ukodi probox kwenda na kurudi, na hapo zile elfu mbili zimeisha kabla hajagonga chochote.

Halafu kuna majirani. Karen ni mtaa wa nyua ndefu na miti mirefu, na watu walihamia huko wakifuata kimya. Tangu kanuni za kelele za mwaka 2009, zile za NEMA, jirani aliyekerwa ana mahali pa kupeleka malalamiko, na meneja wa mkahawa anajua hilo kuliko anavyojua muziki. Seti ya ngoma ni kesi inayosubiri kufunguliwa. Mwanamke mmoja mwenye gitaa na spika yenye kidude cha kupunguza sauti ni "kitu laini". Hilo ndilo neno walilotumia: tunataka kitu laini.

Kwa hivyo bendi ilivunjwa kwa ujumbe wa simu. Mpiga ngoma alijibu kwa kidole gumba tu. Yule ndiye alinifundisha kusikiliza muziki, tukiwa vijana wa miaka kumi na saba, akinigongea mapaja matatuni akiniambia, "Skia besi, wacha maneno." Sijawahi kumuuliza ile gumba ilimaanisha nini.

Sasa, anayesema biti ni uongo, hajawahi kugawa elfu nane. Mimi sisemi ni uongo. Nasema kuna biti nzuri na biti mbaya, na tofauti yake si ile watu wanayodhani.

Kwanza tuondoe dhana kwamba mtu mmoja na mdundo wa pembeni ni ugonjwa ulioletwa na YouTube. Mpiga nyatiti wa Kiluo ana nyuzi nane mikononi, njuga zinazoitwa gara mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole cha mguu ambayo anagonga nayo ubao wa chombo chenyewe. Mdundo, melodi na sauti, vyote kutoka mwili mmoja. Ayub Ogada, aliyefariki 2019, alibeba nyatiti hadi London miaka ya 1980, akapiga barabarani, na 1993 akatoa En Mana Kuoyo kupitia Real World. Sikiliza hiyo albamu halafu uniambie mtu mmoja ni wachache.

Kule Magharibi nako, wapiga gitaa wa omutibo walichukua chupa ya Fanta, ile ya zamani yenye matuta, wakaikwaruza na kuigonga. Tafuta rekodi za Abana ba Nasery: chupa ya soda ndiyo inayoshika mwendo, na haikuhitaji probox.

Halafu kuna mugithi. Neno lenyewe ni treni kwa Kikuyu, kwa sababu watu huchezea kwenye msururu, mikono mabegani mwa aliye mbele. Tangu miaka ya 1990 jamaa kama Mike Rua wamejaza baa wakiwa peke yao: gitaa, maiki, na kinanda au kimashine cha ngoma kinachopiga tu-ta tu-ta usiku kucha. Nyimbo za Joseph Kamaru, za D.K., za kanisani, za kantri, zote kwenye mdundo mmoja. Watu wangu wa Karen, wale wa glasi ya mvinyo, wakisikia "one-man guitar" huinua pua kidogo. Hiyo ni ya wazee wa Ngong, wanasema. Lakini kwa swali hili la biti, yule jamaa wa baa alipata jibu miaka thelathini iliyopita na sisi bado tunatafuta.

Jibu lenyewe ni hili. Njuga za mguuni husimama mguu ukisimama. Mwenye chupa ana macho, anamwona mwenzake. Na kile kimashine cha mugithi ni kijinga kwa makusudi: kinajua kuhesabu moja, mbili, tatu, nne, basi. Hakijui kiitikio kiko wapi. Hakijui wimbo unaisha lini. Wimbo wote uko kichwani mwa mwenye gitaa. Treni ikinoga, anarudia ubeti mara kumi. Ikichoka, anaruka kwenye wimbo mwingine bila kuzima chochote. Akimwona mtu wake anaingia mlangoni, anaweka jina lake ndani ya wimbo, na mdundo unangoja.

Faili ya karaoke ni kinyume kabisa. Inajua kila kitu. Inajua kwamba ubeti wa pili unaanza sekunde ya sitini na nne, kwamba daraja liko hapa, kwamba wimbo unakufa baada ya dakika tatu na nusu, na haina habari kama umekohoa. Mwimbaji anakuwa mgeni kwenye wimbo wake mwenyewe, anafuata ratiba kama mtu wa SGR.

Nilipoanza kusikiliza kwa hicho kipimo, nikizunguka mikahawa ya huko na jirani zake Jumapili zisizo za kazi, niliona makosa yanajirudia. Nitayataja bila majina, kwa sababu wote ni watu wa elfu nane kama sisi.

La kwanza ni kii. Kulikuwa na jamaa mmoja anaimba Whitney Houston kwenye kii ya Whitney Houston. Alikuwa na sauti tamu ya chini, ungemsikiza mchana kutwa, lakini kila kiitikio kilikuwa kama mtu anapanda lori linaloondoka. Programu ya bure ya simu ingeshusha ile treki hatua nne kwa dakika moja. Hakushusha, nadhani, kwa sababu faili ilikuja hivyo, na sisi tumezoea kwamba kitu kikija hivyo kinakaa hivyo. Biti iliyo kwenye kii ya mtu mwingine ni koo la mtu mwingine.

La pili ni mzimu. Siku hizi kuna programu za kung'oa sauti ya mwimbaji kwenye rekodi, na zinafanya kazi vizuri, karibu. Hiyo "karibu" ndiyo shida. Kwenye spika ndogo ya laptopu husikii kitu. Kwenye spika kubwa ya bustani, mwenye wimbo anabaki huko nyuma kama mtu anaimba chini ya maji. Nimeona mwimbaji akinyamaza ili watu waitikie, na badala ya watu akaitikia yule wa chini ya maji.

La tatu ni chombo kisicho na mwili. Sikio la mtu lina huruma fulani: linakubali ngoma na besi zisizoonekana, kwa sababu hata bendini huwa ziko nyuma gizani. Lakini saksafoni ikianza solo, watu wanageuka. Nimewaona, meza nzima, shingo zinazunguka kumtafuta mpiga saksafoni. Halafu wanagundua hayuko, wanarudi kwa nyama yao, na mwimbaji amewapoteza kwa dakika tatu. Kwaya ni vilevile. Sauti kumi za kike zikitokea nyuma ya mtu mmoja, mtu huyo anakuwa mdogo.

La nne, linaloniuma zaidi, ni gitaa la urembo. Treki ina gitaa tayari, mwimbaji naye ana gitaa mkononi, wote wawili wanapiga kitu kimoja, na kwa sababu lile lililorekodiwa halikosei, la mkononi linashushwa sauti pole pole hadi linakuwa mkufu. Kama unapiga gitaa, toa gitaa kwenye biti. Acha shimo, halafu kaa ndani yake. Shimo ndilo lililowafanya walipe mtu badala ya kucheza Spotify.

Na la tano ni mwisho. Rekodi nyingi za zamani haziishi, zinafifia. Studioni ni sawa. Lakini mbele ya watu, mwimbaji anasimama pale anatabasamu huku muziki unaenda mbali kama gari la mjomba, hajui ashukuru sasa au angoje.

Cuzo alikuwa na makosa mawili kati ya hayo matano, na mimi nilikuwa la sita. Wacha nieleze.

Ilikuwa Julai, ile baridi ya Karen inayoingia hadi kwa mifupa. Meza ndefu ilikuwa na familia, mzee wao anatimiza miaka themanini. Mjukuu akaja kwangu, akaniuliza kama tuna Malaika. Kila mwimbaji wa hoteli Kenya ana Malaika. Fadhili William aliirekodi, Miriam Makeba akaizungusha dunia, Boney M wakaifanya yao 1981, na ubishi wa nani aliitunga haujaisha hadi leo. Sisi tulikuwa nayo kama faili ya karaoke, mwendo wa harakaharaka kidogo, ngoma za kompyuta, nyuzi za kompyuta.

Nikabonyeza. Cuzo akaimba mistari miwili, akaona mdomo wa mzee unasogea, akafanya kitu ambacho mwimbaji mzuri hufanya bila kufikiri: akatembea hadi mezani, akapiga goti, akamsogezea maiki. "Guka, tuimbe."

Mzee akaimba. Hakuwa na sauti kubwa, lakini alikuwa kwenye tuni kabisa. Shida ni kwamba aliimba kwa mwendo wa wimbo alioujua yeye, wa redio ya ujana wake, wa taratibu, akivuta kila neno hadi liishe. Na alipomaliza ubeti wa kwanza aliurudia, kwa sababu labda ndio aliokumbuka, au labda ndio aliotaka. Biti ilikuwa imeshafika kwingine. Akasikia haziendani. Akaharakisha, akapotea, akaanza tena, akapotea tena. Cuzo akaniangalia akakunja ngumi.

Hatukuwa na ishara ya kusimamisha katikati. Tulikuwa na ya kuanza na ya kumaliza. Lakini nilielewa, sitadanganya. Nilielewa papo hapo. Meneja alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, na nikafikiria kimya kitakachoanguka kwenye ile bustani nikizima, na nikaona aibu yake kubwa kuliko aibu ya kuacha iendelee. Nikaacha iendelee. Dakika nzima na zaidi, nyuzi za kompyuta, ngoma za kompyuta, hakuna mtu anaimba. Iliisha vizuri sana. Ilikuwa biti yenye mwisho safi.

Watu wakapiga makofi. Mzee akamshika cuzo mkono, akasema, "Samahani mama, nimewaharibia wimbo."

Hiyo ndiyo hoja yangu yote, kwa kweli, na ningeweza kuishia hapo. Mtu amefikisha miaka themanini, anaombwa kuimba, anaimba, halafu anaomba radhi kwa faili iliyoshushwa bure.

Tukapanda 111 pale Karen tukarudi tao. Cuzo hakusema kitu hadi Dagoretti Corner. Akasema, "Ungezima." Nikasema najua. Akasema, "Na mimi ningeacha gitaa langu likiwa limefunguliwa." Kwa sababu lilikuwa limeshushwa hadi chini. Hata kama ningezima, hakuwa na kitu cha kumshikia mzee.

Wiki hiyo alikaa chini na orodha ya nyimbo arobaini na mbili. Alichofanya ndicho ningemshauri yeyote anayeimba peke yake, na sikukifikiria mimi. Kwa kila wimbo aliuliza swali moja: mtu akiniingilia katikati, nitaweza kumfuata? Zile ambazo jibu lilikuwa hapana, aliziweka kando. Zilibaki tisa.

Halafu akaanza kujenga upya. Alimpigia yule mpiga ngoma wa Kayole, wakakaa kwenye chumba cha rafiki siku nzima, wakarekodi midundo mifupi: hatua nne, hatua nane, ya rumba, ya benga, ya wimbo wa polepole. Hakuna kiitikio, hakuna daraja, hakuna mwisho. Mdundo na besi tu, inajirudia hadi uizime. Ujinga wa mugithi, makusudi kabisa. Akanunua pedali ya mguu iliyotumika, shilingi elfu tatu na mia tano, ya kuanzisha na kusimamisha. Wale mnaomjua Ed Sheeran mnajua pedali kubwa za aina hiyo. Julai 2015 alijaza Wembley siku tatu akiwa peke yake na gitaa na lupu. Ya cuzo haifanyi robo ya hayo. Inafanya jambo moja: inanyamaza ukiigusa.

Malaika sasa haina biti kabisa. Ni gitaa lake, limefunguliwa.

Matokeo? Nitakuwa mkweli kama mhakiki. Saa ya kwanza ya onyesho lake imekuwa nyembamba. Kuna nyimbo za klabu ambazo zinahitaji ule unene wa studio, na toleo lake la sasa linasikika kama mtu anakumbuka wimbo badala ya kuuimba. Amekosea kuzing'ang'ania, angezitoa. Meneja alilalamika mara mbili kwamba "haijajaa". Lakini saa ya tatu, watu wakishashiba, ni kitu kingine. Anawasikiliza. Mtoto akilia ananyoosha noti hadi mtoto anyamaze, watu wanacheka, wimbo unaendelea. Wakiitikia, anawaachia, mdundo unangoja. Jumapili moja walirudia kiitikio kimoja kwa dakika tano, wahudumu wakiwa ndani yake. Faili isingejua kwamba hilo linawezekana.

Mimi nilipoteza kazi, bila shaka. Mguu wake ulinichukulia. Alinunulia ile pedali pesa ya Jumapili tatu na nusu zangu, na ndio maana sasa naandika.

Lakini kuna jambo moja sijalimaliza. Mpiga ngoma alilipwa elfu tano kwa ile siku moja ya kurekodi. Ni pesa nzuri kuliko elfu mbili za zamani, bila probox. Nilikutana naye juzi pale Kencom, amevaa jaketi ya kupeleka vyakula, kofia ya pikipiki mkononi. Nikamwambia ile midundo yake inapendwa sana, kwamba Jumapili iliyopita watu walisimama.

Akacheka. "Kwa hivyo mimi niko Karen kila wiki," akasema. "Na hakuna hata siku moja wamenipa soda."

Nilimpelekea cuzo hayo maneno vile vile yalivyo. Alinyamaza, halafu akaniuliza kama ile ngoma ya sanduku, unayoikalia ukiigonga kwa mikono, inaingia kwenye 111. Nikamwambia inaingia. Unaiweka mapajani kama mtoto.